MSHAHARA WA CALIFORNIA NA NYUMBA YA TEXAS

Maneno ya hotuba juu ya gharama za maisha katika majimbo mawili ya Marekani



Habari za kijana aliyekwenda Marekani zinapofika nyumbani, ziwe kwa barua au kwa simu, neno la kwanza linaloulizwa ni mshahara. Kijana akijibu kwamba hupata dola 16 na nusu kwa saa moja, papo hapo watu huzigeuza kuwa shilingi. Kwa bei ya fedha ya mwaka 2025, dola moja ilikuwa kama shilingi 129 za Kenya. Basi siku moja ya saa nane ni shilingi 17,000. Wazee hustaajabu, na kabla ya jua kuchwa mashauri yamekwisha kufanywa: karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba ya mama, na ng'ombe wa maziwa.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya hesabu. Mshahara umegeuzwa kuwa shilingi, na matumizi yamesahauliwa. Kijana yule hanunui mkate wake Machakos wala hapangi chumba Nakuru. Hulipwa kwa dola, na hula, hulala na hutibiwa kwa dola. Jambo la kuuliza si apata ngapi, bali zabaki ngapi mwisho wa mwezi, na akiugua siku moja itakuwaje.

Jibu la swali hilo si moja kwa Marekani nzima. Nchi ile ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, kodi zake na sheria zake za kazi. Mtu akivuka mpaka wa jimbo hubadilisha maisha yake karibu kama aliyevuka mpaka wa nchi. Ili jambo hili lionekane wazi, yafaa kuyaweka majimbo mawili katika mizani moja: California na Texas.

MAJIMBO MAWILI MAKUBWA

Haya ndiyo majimbo mawili yenye watu wengi kupita yote Marekani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu milioni 39 na nusu, na Texas watu milioni 29. Kwa ukubwa wa ardhi Texas ndiyo kubwa zaidi: ina maili za mraba 268,000, hali Kenya nzima ina kama 224,000. California ina 163,000.

Texas iliingia katika muungano mwaka 1845, baada ya kuwa jamhuri yenye kujitawala kwa miaka tisa. California iliingia mwaka 1850. California iko magharibi, kando ya Bahari ya Pasifiki, na pwani yake haina joto kali wala baridi kali. Texas iko kusini, inapakana na Meksiko, ni nchi ya mafuta, ng'ombe na pamba, na siku za kiangazi joto lake huchoma.

Watu wa Afrika ya Mashariki si wageni Texas. Mkimbiaji wa Tanzania, Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika michezo ya Moscow mwaka 1980, alisoma chuo kikuu katika mji wa El Paso. Katika miaka iliyofuata walifika wanafunzi, wauguzi na madereva kutoka Kenya, na wakimbizi wengi kutoka Kongo, hata Kiswahili kikawa lugha ya kusikika katika maduka na makanisa ya Houston na Dallas.

Kwa muda wa miaka mingi Wamarekani wenyewe wamekuwa wakihama kutoka California kwenda Texas. Katika mwaka 2022 peke yake, watu kama 102,000 walihama kutoka California kwenda Texas, na watu kama 42,000 wakahama kwa njia ya pili. Baada ya hesabu ya watu ya mwaka 2020, California ilipoteza kiti kimoja katika Bunge la Marekani, jambo ambalo halijapata kutokea tangu jimbo lianze, na Texas ikaongezewa viti viwili. Watu wengi namna hiyo hawaondoki makwao bila sababu. Ni sababu gani?

MSHAHARA

Ukitazama mshahara peke yake, hakuna sababu ya kuondoka California. Sheria ya Serikali Kuu ya Marekani imeweka mshahara wa chini kabisa kuwa dola 7 na senti 25 kwa saa, na kiasi hicho hakijaongezwa tangu mwaka 2009. Texas hufuata kiasi hicho. California ina sheria yake, na mwanzoni mwa mwaka 2025 mshahara wa chini ulikuwa dola 16 na senti 50.

Mtu anayefanya kazi saa 40 kila juma mwaka mzima, kwa mshahara wa chini wa mwaka huo, angepata California dola 34,320. Texas atapata dola 15,080. Ni kweli kwamba katika miji ya Texas waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, kwa kuwa hawapati watu kwa bei hiyo. Lakini wakilipa zaidi, hulipa kwa hiari yao. Sheria haiwalazimishi.

Watu wa kipato cha katikati nao hutofautiana. Kama jamaa zote za jimbo zingepangwa mstari mmoja, kutoka maskini mpaka tajiri, jamaa iliyosimama katikati ya mstari mwaka 2022 ilipata California zaidi ya dola 91,000 kwa mwaka, na Texas zaidi ya dola 72,000. Tofauti ni kama dola 19,000. Mtu angedhani kwamba shauri limekwisha. Bado halijaanza.

NYUMBA NDIYO MZIGO

Mwezi wa Aprili 2024, bei ya katikati ya nyumba ya jamaa moja katika California ilivuka dola 900,000 kwa mara ya kwanza. Katika Texas, mwaka huo huo, nyumba ya namna hiyo ilikuwa kama dola 340,000. Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Desturi ni kutoa sehemu ya tano ya bei kwanza, na kukopa iliyobaki.

Basi mnunuzi wa California hutafuta kwanza dola 180,000 mkononi. Akikopa dola 720,000 kwa riba ya 7 katika mia, atalipa kama dola 4,790 kila mwezi. Mnunuzi wa Texas hutafuta dola 68,000, hukopa dola 272,000, na kwa riba ile ile hulipa kama dola 1,810. Tofauti ni karibu dola 3,000 kwa mwezi, yaani kama dola 36,000 kwa mwaka. Zile dola 19,000 ambazo California ilimzidishia katika mshahara zimemezwa zote, na nyingine 17,000 zimepotea juu yake.

Kwa mpangaji hesabu ni nyingine. Mwaka 2022 kodi ya pango ya katikati ilikuwa karibu dola 1,900 kwa mwezi California, na karibu dola 1,300 Texas. Tofauti ya mwaka ni dola 7,200. Mpangaji wa California mwenye mshahara mzuri aweza kulipa tofauti hiyo na bado akawa mbele ya mwenzake wa Texas.

Lakini mtu wa mshahara wa chini kabisa hubanwa pande zote mbili. California, pango la katikati huchukua kama theluthi mbili za mapato yake ya mwaka. Texas, pango la katikati la mwaka ni dola 15,600, nalo hupita mshahara wote wa chini wa sheria kabla mtu hajanunua hata chumvi. Ndiyo sababu wafanyakazi wengi wapya, wakiwamo watu wa kutoka Afrika ya Mashariki, hukaa wawili watatu katika nyumba moja na kufanya kazi mbili.

Ukali wa bei za California huonekana barabarani. Katika hesabu ya Januari 2023, watu 181,399 wa jimbo lile hawakuwa na makao, wengi wao wakilala katika mahema, katika motokaa, au kando ya njia. Texas walihesabiwa 27,377. Hao wa California walikuwa zaidi ya robo ya watu wote wasio na makao katika Marekani nzima.

PENYE MITI HAPANA WAJENZI

Watu wengi husema kwamba California ni ghali kwa sababu ya kodi za serikali. Kodi zina sehemu yake, lakini shina la jambo ni nyumba chache kuliko watu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. California ina fedha, ina mafundi, ina mbao, lakini nyumba hazijengwi za kutosha. Mwaka 2022 Texas ilitoa ruhusa za kujenga nyumba nyingi kupita mara mbili za California, hali watu wa Texas ni wachache zaidi.

Sababu ni sheria. Katika miji mingi ya California, sehemu kubwa za ardhi ziliwekwa kwa nyumba ya jamaa moja tu, na ilikatazwa kujenga nyumba ya ghorofa yenye jamaa nyingi. Sheria ya mwaka 1970 ya kulinda mazingira nayo iliwapa majirani njia ya kupeleka shauri la jengo jipya kortini na kulichelewesha miaka. Mwenye nyumba tayari hana haraka, kwa kuwa nyumba zikiwa haba, bei ya nyumba yake hupanda. Mwaka 2021 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu nyumba zaidi katika kiwanja kimoja, lakini upungufu wa miaka 50 hauzibwi kwa siku moja.

Texas ilishika njia ya pili. Mji wa Houston, ambao ni mmoja wa miji mikubwa minne ya Marekani, hauna sheria ya kugawa mji katika sehemu za makazi na sehemu za biashara. Wapiga kura waliikataa sheria hiyo mwaka 1948, mwaka 1962 na tena mwaka 1993. Ardhi ni tele na ni tambarare, na ruhusa hupatikana upesi. Vyaelea, vyaundwa: nyumba za Texas ni rahisi kwa kuwa zinajengwa.

Njia hiyo nayo ina gharama yake. Miji imetanda kama mkeka, na mtu asiye na motokaa hawezi kufika kazini. Na katika kujenga upesi, nyumba nyingine zilijengwa mahali pa kupita maji. Tufani iliyoitwa Harvey ilipoleta mvua mwezi wa Agosti 2017, mitaa mizima ya Houston ilifunikwa na mafuriko.

KODI ZA SERIKALI

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo hata senti moja, na mwaka 2019 wapiga kura waliandika katika katiba yao kwamba isitozwe. California hutoza, kuanzia 1 katika mia kwa mwenye kipato kidogo mpaka zaidi ya 13 katika mia kwa matajiri wakubwa. Jambo hili hutangazwa sana, na watu wengi huondoka California kwa ajili yake.

Lakini barabara na shule za Texas hazijengwi kwa hewa. Fedha zisizotoka mfuko wa mbele hutoka mfuko wa nyuma. Texas hutoza kodi ya majengo iliyo miongoni mwa kodi kubwa za namna hiyo Marekani, na kodi ya mauzo ambayo katika miji mingi hufika senti 8 na robo kwa kila dola, ingawa vyakula vingi vya kupikwa nyumbani havitozwi. Kodi ya mauzo haimtazami mtu usoni. Maskini na tajiri wakinunua jozi moja ya viatu hulipa sawa, na kwa hiyo maskini hutoa sehemu kubwa zaidi ya mapato yake. Mwenye kipato kikubwa sana hufaidi Texas. Mwenye kipato kidogo asitazamie kwamba kodi zitakuwa nyepesi kwake.

California nayo ina jambo la ajabu katika kodi ya majengo. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha sheria iitwayo Proposition 13. Kwa sheria hiyo kodi ya jengo haipiti 1 katika mia ya thamani yake, ukiacha nyongeza ndogo za mahali, na thamani ya kutozea kodi haiwezi kuongezwa zaidi ya 2 katika mia kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Chukua majirani wawili wenye nyumba za namna moja. Mmoja alinunua mwaka 1980 kwa dola 100,000. Mwaka 2025 alilipa kodi ya kama dola 2,400. Mwenzake aliyenunua mwaka 2024 kwa dola 900,000 alilipa dola 9,000. Mtaa mmoja, takataka zachukuliwa na gari moja, watoto wako shule moja. Sheria hiyo iliwasaidia wazee wasifukuzwe na kodi katika nyumba zao, lakini mzigo wao waliachiwa vijana na wageni.

UGONJWA

Hapa ndipo pa kupima kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa watu wa nyumbani hawapaulizi kamwe. Katika Marekani mtu asiye na bima ya matibabu aweza kufilisika kwa kulazwa hospitali siku chache. Sheria ya mwaka 1986 huzitaka hospitali zimpokee mgonjwa wa hatari hata kama hana fedha, lakini hati ya deni humfuata nyumbani.

Kuna mpango wa serikali uitwao Medicaid wa kuwatibu wenye kipato kidogo. Sheria kubwa ya bima ya mwaka 2010 iliyaruhusu majimbo kuupanua mpango huo ili kila mtu mzima maskini aingie. California iliupanua tangu mwaka 2014. Texas ilikataa, kwa hoja kwamba gharama ingelemea jimbo. Kwa hiyo katika Texas mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakubaliwi katika mpango huo hata awe maskini namna gani. Mwaka 2022, katika kila watu 100 wa Texas, kama 17 hawakuwa na bima yoyote, idadi iliyopita majimbo yote. Katika California walikuwa kama 6 au 7.

Hesabu ya vifo nayo yasema neno. Kwa makadirio ya mwaka 2020, mtoto aliyezaliwa California aliweza kutazamia miaka 79 ya maisha, na wa Texas miaka 76 na nusu. Bima siyo sababu peke yake. Chakula, kazi na ajali zimo pia. Lakini miaka miwili na nusu ya maisha haimo katika bei ya nyumba, wala mnunuzi haioni katika karatasi ya mkopo.

UMEME NA MOTO

Umeme wa California ni ghali, karibu mara mbili ya ule wa Texas kwa kipimo kimoja, na petroli yake ni ghali vilevile. Lakini katika Texas kiangazi hakivumiliki bila mashine ya kupoza hewa, nayo hufanya kazi mchana na usiku, basi hati ya umeme si ndogo kama mtu anavyodhani.

Tena mtambo wa umeme wa Texas umetengwa kwa sehemu kubwa na mitambo ya majimbo mengine. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali ilipoingia, mitambo iliganda, na nyumba na maduka zaidi ya milioni 4 yakakaa gizani bila joto. Jimbo lenyewe lilihesabu watu 246 waliokufa. California ina adui wake, moto wa nyika. Mwezi wa Novemba 2018 mji mdogo wa Paradise uliteketea na watu 85 wakafa. Na Januari 2025 mitaa mingi ya Los Angeles iliungua. Baada ya mioto hiyo, bima ya nyumba imekuwa ngumu kupatikana katika sehemu nyingi za jimbo.

NANI AENDE WAPI

Basi mizani yasemaje? Haisemi jambo moja kwa watu wote. Jamaa yenye mishahara miwili ya kadiri, yenye bima ya matibabu kutoka kwa mwajiri, na yenye nia ya kununua nyumba yake, itafika mapema zaidi Texas. Mtu mwenye mshahara wa chini, asiye na bima, au mwenye ugonjwa wa kudumu, hulindwa zaidi na sheria za California, ingawa atalala katika chumba kidogo. Mwenye kazi ya ufundi mkubwa unaolipwa sana California aweza kukaa huko akiwa mpangaji, akaweka akiba. Na mwanafunzi, aende jimbo lolote, yampasa ajue kwamba vyuo vikuu vya serikali hutoza karo kubwa kwa mgeni, na kwamba kuhesabiwa mwenyeji huhitaji kwanza kukaa mwaka mmoja na kuthibitisha makao.

Kabla ya kuondoka, kila msafiri na akae na wazazi wake na karatasi moja. Upande mmoja aandike mshahara wa mwezi. Upande wa pili aandike pango, kodi za serikali, bima, motokaa na petroli yake, umeme, na chakula. Kisha atoe. Kile kinachobaki ndicho cha kugeuza kuwa shilingi, na ndicho cha kuahidiwa mdogo wake kuwa karo.

Vijana wengi wameona haya kusema kwamba hakuna kilichobaki, wakakopa huko ili watume huku, na deni likawashika miaka. Wengine wamenyamaza kabisa, na nyumbani wakadhaniwa kuwa wamewasahau wazazi. Mzazi aliyeiona karatasi ile hatamwuliza mwanawe apata ngapi kwa saa. Atamwuliza kama ana bima, na kama pango limelipwa. Naye mtoto hatakuwa na sababu ya kuogopa kupokea simu kutoka nyumbani.